Fundi wa Katuba Ashone Salopeti za Mgodi

Ndugu wafanyakazi, na ninyi baba na mama mnaokaa Katuba, Kenya, Kamalondo, Ruashi, Kampemba na pengine pote mjini, twaomba mtusikilize kwa subira, maana hatukuja na maneno ya ugomvi. Tumekuja na hesabu. Sisi ni makarani. Kazi yetu ni kuandika vitu vinavyoingia ghalani na vinavyotoka, nani amevileta, kwa bei gani, na amelipwa lini. Kwa miaka mingi tumeyaandika hayo bila kufungua kinywa. Sasa twaona ya kuwa hesabu ya mji wetu haitoki sawa, wala si haki tuendelee kuipigia muhuri.

Siku hizi hapa Lubumbashi neno la kusaidia biashara ndogo na kuwapa kazi watoto wa mji limekuwa neno la kila mkutano. Serikali kuu inalisema, mkoa unalisema, mji unalisema, Banki ya Dunia inalisema. Wala si maneno matupu yote. Tangu nchi yetu ilipoingia katika umoja wa OHADA mwaka 2012, kuandikisha kampuni kumekuwa kwepesi kuliko zamani, na ofisi moja ikawekwa ya kushughulikia karatasi zote, ili mtu asizunguke milango kumi. Mwaka 2018 Banki ya Dunia ilikubali dola milioni 100 kwa mpango wa kuwasaidia wenye biashara ndogo katika miji michache ya Kongo, na Lubumbashi ulikuwa mmojawapo. Mwaka 2022 ukafuata mpango mwingine mkubwa zaidi, uitwao TRANSFORME, unaowaangalia hasa akina mama wenye biashara. Vijana wamefundishwa kuandika mpango wa kazi, wameshindana, na waliopita wamepewa fedha za kuanzia. Nayo INPP, ile nyumba ya mafunzo ya ufundi iliyoanzishwa mwaka 1964, inafundisha kuchomea chuma, umeme na magari. Haya yote ni mema, na mtu asiseme tumeyadharau.

Lakini twauliza neno moja. Huyu aliyefundishwa, akapewa cherehani, akapewa karatasi ya kampuni yenye muhuri, atamuuzia nani?

Wako wengi mjini wanaokumbuka mwaka 2003. Gécamines, iliyotoa tani zipatazo 476,000 za shaba mwaka 1986, ilikuwa imeanguka kifudifudi. Mgodi wa Kamoto kule Kolwezi uliporomoka Septemba 1990. Mwaka 1991 ukaja uporaji. Kufika mwaka 1994 kampuni nzima haikufikisha hata tani 40,000. Wafanyakazi walikaa miezi mingi pasipo mshahara, wakienda kazini kwa miguu na tumbo tupu. Ndipo ukaja mpango, kwa fedha za Banki ya Dunia, wa kuwaaga watu kwa hiari yao, kama ilivyosemwa, na watu zaidi ya 10,000 wakatia sahihi, wakapokea fedha zao, wakatoka. Wakaambiwa: nendeni mkafanye biashara.

Nao walifanya. Mtu asiseme watu wetu ni wavivu. Mmoja alinunua kinu cha kusagia mahindi, mwingine gari dogo la abiria, mwingine friji ya kuuzia maji baridi, mwingine cherehani kwa ajili ya mke wake. Katika kartie moja tuliyokaa vilisimama vinu vitatu kwa njia moja, na wenye vinu wakakaa mlangoni wakitazamana. Kila mtu alikuwa muuzaji, na mnunuzi hakuna. Maana aliyekuwa akinunua vitu vya mtaa ni yule yule mwenye mshahara wa Gécamines, naye ndiye aliyeagwa. Baada ya mwaka mmoja kinu kimeuzwa, gari limekufa, na mzee amerudi nyumbani kulima mboga nyuma ya lupango.

Somo la mwaka 2003 ni hilo: ukimpa mtu fedha za biashara pasipo kumpa mnunuzi, umempa deni.

Sasa mnunuzi yupo wapi? Ndugu, tunapita mbele yake kila siku. Mwaka 2023 nchi yetu ilimpita Peru, ikawa ya pili duniani kwa shaba, nyuma ya Chile tu. Shaba inayotoka kwa mwaka mmoja katika Haut-Katanga na Lualaba ni zaidi ya mara nne ya ile iliyotoka mwaka 1986, mwaka ambao wazee wetu huuita mwaka wa neema. Malori yanaelekea Kasumbalesa usiku na mchana. Basi mnunuzi mkubwa wa nchi hii ni mgodi, na mgodi haununui mashine na asidi tu. Sisi tunaoandika twajua. Hununua salopeti, buti, glavu, sabuni, karatasi, viti, madirisha, rangi, matofali, mbao za kupangia mizigo. Hukodi mabasi ya kupeleka watu zamu ya asubuhi na kuwarudisha usiku. Hulisha watu wa zamu zote: bukari, maharagwe, mboga, samaki, nyama. Hatusemi fundi wa Katuba atengeneze lori la tani mia. Twasema ashone salopeti. Je, hilo nalo ni gumu?

Watu wa sheria watatujibu ya kuwa jambo hili lilikwisha kuamuliwa. Ni kweli. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 yasema kazi za sutretansi, yaani zile ambazo kampuni kubwa huzigawa kwa kampuni nyingine, ni za kampuni za Wakongomani, ambazo sehemu kubwa ya mtaji wake imo mikononi mwa Wakongomani. Ndiyo ile asilimia 51 tunayoisikia kila mahali. Ikaundwa na mamlaka ya kuisimamia, ARSP. Sheria hii tuliipokea kwa furaha, na hata leo twaitetea, maana kabla yake mgeni alikuja na mpishi wake, fundi wake, na hata muuza mchanga wake.

Walakini sheria imetazama jina la mwenye kampuni, haikutazama mkono unaofanya kazi. Na hapo ndipo panya alipopata tundu.

Tulipata kuona kwa macho yetu, katika kampuni moja ambayo hatuitaji, barua ya kuagiza salopeti mia kadhaa. Mwenye kuzileta alikuwa kampuni ya Mkongomani, karatasi zake zote safi, asilimia 51 imeandikwa, muhuri upo. Siku moja tulitumwa kwake kupeleka hati. Tukakuta chumba kimoja chenye meza, kalenda na kijana mmoja aliyekuwa akilinda simu. Cherehani hakuna, kitambaa hakuna, fundi hakuna. Baada ya majuma machache salopeti zikafika katika marobota, zimeshonwa nchi ya mbali, zina kitambulisho cha huko shingoni. Tukaziandika kitabuni: mali ya mwenye nchi. Bei ilikuwa karibu mara mbili ya ile ambayo mafundi wa Katuba walikuwa wametaja. Basi sheria ilishiba, bwana wa asilimia 51 akashiba, na fundi akalala njaa. Mwenye jina la kuazima hana haja ya kumfundisha mtu kazi wala kumlipa mtu mshahara. Yeye huuza jina lake kama mtu anayepangisha ukuta wake kwa tangazo la bia.

Yawezekana mtu atasema, mbona hao mafundi hawakuomba kazi? Waliomba, na safari moja walipewa. Tutasimulia kisa hicho kwa urefu kidogo, kwa kuwa ndicho kilichotufanya tuandike.

Walikuwa mafundi wanane, wanaume watatu na akina mama watano, na cherehani nane chini ya bati moja. Kampuni nyingine, nayo hatuitaji, iliwaagiza salopeti 150 ili kuwajaribu. Fedha za kununua kitambaa hawakuwa nazo. Wakaenda kwa mfanya biashara wa mjini, akawapa kitambaa kwa deni lenye riba ya kila mwezi. Wakashona usiku na mchana. Umeme ulipokatika walishona kwa taa ya betri. Siku ya ishirini na mbili wakaleta mzigo. Twashuhudia ya kuwa ulikuwa mzigo mzuri: mshono mara mbili, vifungo imara, mifuko mahali pake. Msimamizi wa ghala alivuta mshono kwa mikono miwili akashindwa kuupasua. Wakatoa fakitire yao, tukaipokea, tukaiweka katika sanduku la karatasi za kulipwa.

Hapo ikalala. Ilihitaji sahihi ya mtu mmoja, kisha ya mwingine, kisha ikangoja jibu la makao makuu, kisha yule wa kwanza akaenda likizo. Mwezi wa kwanza yule mama aliye mkubwa wao alikuja mara nne, akaketi kwenye benchi la nje, akaondoka. Mwezi wa tatu akaja na mtoto mgongoni, akatuuliza kwa sauti ndogo: “Baba karani, karatasi yetu ingali hai?” Hatukuwa na neno la kumjibu. Mwezi wa tano wakalipwa, kila faranga, hakuna hata moja iliyopunguzwa. Lakini riba ilikuwa imekwisha kula faida, imekula na ujira, na cherehani mbili zilikwisha kuuzwa. Mwenye kitambaa alichukua fedha zote pale pale.

Majuma mawili baadaye ilipita mezani petu bahasha ya kuwaalika mafundi hao hao kwenye mafunzo ya siku tatu juu ya namna ya kutunza fedha.

Ndugu, hatucheki. Waliotuma bahasha ile walikuwa na nia njema. Lakini tazameni mahali ugonjwa ulipo, na mahali dawa inapopakwa. Mama huyu anajua kutunza fedha kuliko sisi tuliosoma shule ya sekondari ya misheni, tukafundishwa hesabu kwa fimbo. Alichokosa ni kulipwa kwa wakati. Na sheria ile ile ya 2017 imeweka neno la malipo ya kwanza kabla kazi haijaanza. Ni nani aliyemwambia? Na hata angeambiwa, mtu mdogo mwenye cherehani nane ataanzaje kuidai kampuni kubwa kabla haijampa kazi ya pili? Ataogopa, na ana haki ya kuogopa. Kudai huko ni kazi ya mwenye mamlaka, ni kazi ya ARSP na ya mji.

Wala sisi makarani tusijioshe mikono. Tunajuana. Wako miongoni mwetu wanaochukua kitu kidogo ili fakitire ipande juu ya nyingine. Mwenye kampuni ya jina la kuazima anacho hicho kitu kidogo, maana ameongeza bei tangu mwanzo. Fundi hana. Kwa hiyo rushwa yetu ya fakitire, tunayoiita maji ya kunywa, ndiyo inayomfukuza mwenye kazi na kumketisha mwenye jina. Tuliache jambo hili kabla hatujawanyoshea wakubwa kidole.

Tusikilize na upande wa pili. Wakubwa wa migodi husema: vitu vya mjini si imara, havifiki kwa wakati, havitoshi. Mara nyingine ni kweli. Tumepata kupokea glavu za hapa hapa zilizochanika siku ya pili, na tumepata kungoja viti vya fundi mmoja mpaka tukasahau tuliviagiza kwa nini. Lakini tuwakumbushe historia yao wenyewe. Union Minière ilipoundwa mwaka 1906, na tanuri la Lubumbashi lilipotoa shaba ya kwanza mwaka 1911, ni Mwafrika yupi aliyekuwa amepata kuona tanuri la namna ile? Watu waliletwa kutoka Kasai, Rwanda, Urundi na Rhodesia ya Kaskazini, wengi wakulima, na katika muda wa kizazi kimoja waliendesha matanuri, mashine na treni. Kampuni iliwafundisha kwa sababu ilipata faida kwa kuwafundisha, si kwa sababu iliwapenda. Vivyo hivyo leo. Andikeni wazi namna ya kitambaa na mshono mnaoutaka, tundikeni mfano wake mahali watu wauone, agizeni kidogo kidogo, kataeni kibovu, lipeni kizuri baada ya siku thelathini. Mtaona kama Katuba haijui kushona.

Juu ya chakula tutasema kwa kifupi. Sehemu kubwa ya unga wa bukari unaoliwa mkoani hutoka Zambia, na kila mpaka unapofungwa bei hupanda sokoni Kenya kesho yake. Mgodi unaoahidi kununua mahindi ya Kipushi na Kasenga kabla hayajapandwa ungemsaidia mkulima kuliko mbegu za bure.

Tuje sasa kwenye kazi za mshahara, maana hapa jambo linauma zaidi. Nendeni alfajiri penye lango la mgodi wowote. Mtawaona vijana wamesimama, diploma zimo ndani ya mfuko wa plastiki ili umande usizilowanishe. Anayeitwa ndani mara nyingi haajiriwi na mgodi. Huchukuliwa na kampuni ya kukodisha watu. Mwaka 2021 shirika la RAID la Uingereza, pamoja na wanasheria wa Kongo wa CAJJ, walitoa taarifa juu ya migodi mikubwa ya kobalti upande wa Kolwezi, wakaonyesha ya kuwa zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa migodi waliyoichunguza walikuwa watu wa kampuni hizo za kati, wenye mshahara mdogo na ulinzi mdogo kuliko wale walioajiriwa na mgodi wenyewe. Hapa kwetu pia tunawajua. Mtu hushika koleo lile lile miaka mitatu, huvaa kofia yenye jina la mgodi, lakini kwa karatasi yeye ni mgeni. Akiumia, mgodi husema si wetu; kampuni yake husema mkataba wake ulikwisha jana.

Wazee wetu, Desemba 1941, waliposimama hapa mjini kuomba nyongeza ya mshahara, walipigwa risasi uwanjani mwa mpira, na Léonard Mpoyi aliyekuwa akisema kwa ajili yao aliuawa pamoja na wengine wengi. Ulikuwa ukatili mkubwa, na hausahauliki. Lakini walau walijua mlango wa kubisha: ulikuwa mlango wa Union Minière. Kijana wa leo abishe wapi? Hivyo tusihesabu ya kuwa mji umepata kazi mia kila kampuni ya kukodisha watu inapoandika majina mia. Na kampuni ya namna hiyo nayo huweza kuonyesha asilimia 51.

Sasa tunafika penye miiba. Tukisema kazi za mji zipewe wenyeji, mara mtu mmoja atauliza: mwenyeji ni nani? Na tunajua swali hilo limepata kutupeleka wapi. Baada ya uchaguzi wa mabaraza ya mji wa Desemba 1957 watu walianza kuwahesabu wakuu wa komini kwa makabila yao. Mwaka 1992 na 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa, hasa Likasi na Kolwezi, wakalala stesheni wakingoja treni, wazee na watoto, na wengi wakafa. Waliofukuzwa walikuwa mafundi, walimu, makarani, watu waliozaliwa hapa na kuzaa hapa. Je, waliobaki walipata kazi zao? Twauliza tu, maana miaka iliyofuata ndiyo ile ambayo Gécamines haikufikisha tani 40,000. Nafasi iliachwa, na kazi yenyewe haikuwapo.

Ardhi hii ilikuwa na wenyewe kabla ya mzungu, na tunawaheshimu. Lakini mji huu, ulioanzishwa mwaka 1910, ulijengwa na waliotoka mbali. Asiye na babu aliyeshuka katika treni au aliyekuja kwa miguu anyoshe mkono. Kwa hiyo sisi twasema: mwenyeji wa mji ni mkaaji wa mji. Jina lake limo katika kitabu cha shefu wa kartie, analipa nyumba hapa, watoto wake wanasoma hapa, amezika watu wake hapa. Basi. Lugha ya mama yake isiulizwe langoni. Na wale wa vijiji na mitaa iliyo karibu kabisa na shimo, wanaokunywa vumbi lake, wana haki yao ya pekee, ambayo sheria ya migodi ya 2018 imeitaja: kampuni iandikiane nao kitabu cha masharti, itenge na angalau 0.3 kwa mia ya mauzo kwa ajili ya maendeleo yao. Hiyo ni haki ya mahali wanapokaa; nayo haiwi haki ya kabila.

Mji ufanye nini, basi? Wengi hudhani mji hauna nguvu, nguvu ziko Kinshasa. Si kweli yote. Sheria ile ya tarehe 9 Machi 2018 iligawa ushuru wa madini hivi: sehemu 50 katika 100 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 10 akiba ya vizazi vijavyo, na 15 kwa mji, komini au sekta ambamo mgodi umo. Nasi tuna mgodi wa Ruashi mlangoni, tuna na Étoile, ambao wazee waliuita Kalukuluku. Fedha hizo zinapofika, mji wenyewe huwa mnunuzi. Madawati ya shule yatengenezwe na maseremala wa mjini. Vifuniko vya mifereji vichomewe na vijana waliotoka INPP. Nguo za wafagiaji wa masoko zishonwe pale pale sokoni. Mji ukilipa baada ya siku thelathini, utaweza kuwaambia wenye migodi: nanyi fanyeni hivi. Ukiwa wenyewe unakaa na fakitire mwaka mzima, utamwambia nani?

Jambo la pili ni hili la orodha, nalo halihitaji fedha. Tanzania iliweka mwaka 2018 kanuni inayoitaka kila kampuni ya madini ipeleke kwa Tume ya Madini mpango wake wa kutumia watu na mali ya nchini. Nasi tuombe zaidi kidogo. Kila miezi mitatu ibandikwe ukutani kwa meya, na katika kila komini, karatasi moja: mgodi fulani umenunua nini mjini, kwa kampuni gani, kampuni hiyo ina wafanyakazi wangapi na wanakaa kartie gani, na fakitire zake zimelipwa baada ya siku ngapi. Watu wa mtaa watajua wenyewe kampuni ipi ina cherehani na ipi ina kalenda. Hakuna mkaguzi anayemshinda mama anayeuza andazi mbele ya mlango. Yeye amehesabu wanaoingia na wanaotoka.

Bwana Meya, kuhesabu kwenyewe si kazi kubwa. Tarehe, jina, kitu, bei, siku ya kulipwa: sisi makarani tunayaandika hayo kila siku, yamo vitabuni tayari. Mkikosa mtu wa kuyapanga, tuiteni Jumamosi saa za mchana baada ya kazi, tutakuja na kalamu zetu.

Na wakati huo huo mama wa soko apunguziwe mikono. Anayeuza nyanya hukutana asubuhi na wa tiketi, mchana na wa usafi, jioni na mwingine ambaye hana hata karatasi. Mpango wa kumsaidia uanze kwa kumwondoa huyo wa jioni.

Tunaandika haya tukiwa tumevaa salopeti ya kazi. Shingoni ina kitambulisho cha nchi ambayo hatutaiona maishani mwetu, na mfuko wa kulia ulifumuka juma la pili. Jioni tukishuka basi tutaipeleka kwa yule mama wa Katuba aushone upya. Cherehani zake bado ni sita.